Jozi Tano za Fundi Barka

Mtu akinitajia Chama cha Saada mpaka leo mate hunijaa kinywani, na si mate ya hamu. Ni ya kutema. Watu wa mtaa wetu wakikaa barazani hupenda kusema kwamba chama kile cha mpira kiliuawa na hasadi, na wengine husema ni jicho la watu wa mtaa wa pili. Uongo mtupu. Tulikiua wenyewe, mchana kweupe, tumevaa kanzu safi na vikombe vya kahawa mkononi. Tulikuwa na mtu aliyeujua mpira tukamwondoa, tukamweka asiyeujua, kwa sababu asiyeujua alikuwa na baba. Mimi nilikuwamo, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Tuliyemwondoa akiitwa Barka. Alizaliwa bara, upande wa Kililana, katika shamba la ufuta la bwana mmoja wa hapa Amu, ndio Lamu ya ramani, na mamake alikuwa mtumwa wa shamba hilo. Alipopata miaka saba au minane akaletwa mjini pamoja na magunia ya ufuta, na bwana wake akamtia kwa mshona makubadhi mmoja mzee amfunze kazi. Akafunzika. Kwa miaka zaidi ya ishirini makubadhi ya waungwana wa mtaa wetu yalitoka katika mikono ile: ngozi juu ya ngozi, uzi uliopitishwa kwenye nta, na gidamu, ule ukanda mdogo unaopita baina ya vidole, umekazwa hata mtu akivaa miaka mitatu hautoki. Yeye mwenyewe akienda miguu mitupu. Mtumwa hakuvaa viatu mjini, zatu kama tusemavyo sisi, wala kofia. Ndiyo iliyokuwa ada, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeona haya kuvikwa viatu na mtu asiye navyo.

Mwaka 1907 serikali ikatoa sheria ya kuondoa utumwa. Barka hakupiga vigelegele wala hakumtukana mtu. Alikwenda Mombasa akakaa miaka miwili akishona hatamu na mikanda katika duka la ngozi, na huko ndiko alikoukuta mpira. Watu wa reli walikuwa wakiuleta dukani ushonwe. Alishona mipira ya watu mpaka akataka kujua inafanyiwa nini. Jioni akawa anakwenda kusimama nyuma ya goli, kisha wakamfanya mwokota mpira, kisha siku moja mtu akaumia na yeye akaingizwa. Aliporudi Amu alikuwa na gunia moja tu begani. Ndani yake mlikuwa na vyombo vyake vya kazi na mpira wa ngozi aliouunda kwa mikono yake.

Ndiye aliyetufunza sote. Zamani watu walimwita Barka wa fulani, kama mtu anavyotaja punda wa fulani. Baada ya mpira wakaanza kumwita Fundi. Mara ya kwanza nilipomwita hivyo mbele za watu aliacha kushona, akanitazama kuona kama namfanyia mzaha, kisha akaendelea na kazi huku masikio yamesimama. Hakuwa na nyumba ya mawe, hakuwa na shamba wala ukoo wa kujitapia. Alikuwa na jina hilo moja, la viatu na la mpira, na ukimgusa hapo umemgusa penyewe.

Sasa mji wetu unajulikana. Mtaa mmoja ukipiga ngoma, mwingine hupiga kubwa zaidi mpaka watu hawalali. Mpira nao ukaingia katika ushindani huo huo. Sisi tukawa Chama cha Saada, wenzetu wa mtaa wa pili wakawa Chama cha Nasuri, na wakubwa wa pande zote mbili wakaapishana: atakayeshindwa mara tatu mfululizo atavunja chama chake, atatoa bendera na ngoma zake kwa mshindi, na hatakanyaga tena uwanja wa mchanga ulio nyuma ya mji. Tulipoapa tulikuwa tukicheka, maana wakati huo tulikuwa tukishinda.

Tulikuwa tukishinda kwa sababu Barka alikuwa na sheria yake: uwanjani hapana Bwana. Vijana waliamka alfajiri, wakasali, wakakimbia mchangani na boriti mabegani, mwana wa nyumba ya ghorofa na mchukuzi wa forodhani bega kwa bega. Mwenye miguu mizito alirudishwa nyuma, hata kama jina la babu yake lilichongwa juu ya mlango wa nyumba. Mbele, katikati, akamweka Famau, mvuvi wa kisiwa cha Ndau, kijana mwembamba asiyejua kusema mbele za watu. Mpira ukimfika Famau watu walinyamaza kwanza, ndipo wakapiga kelele.

Kisha mambo yakaharibika. Msimu mmoja Famau alikuwa Kiunga kwa uvuvi, na wawili wengine walilala na homa, tukafungwa. Mara ya pili wana wa kiungwana walikuwa wamechoka kuamka alfajiri, wakaja siku ya mchezo wakihema kabla ya kuanza. Tukafungwa tena, goli moja. Ikabaki mara moja. Barka hakuhitaji kupiga ramli ajue ugonjwa ulipo. Lakini wakubwa wetu walikuwa na dawa yao.

Tukaitwa kwenye baraza ya Bwana Jamaludin, na hapa sharti nijieleze, msije mkanidhania mwema. Bwana Jamaludin alikuwa mkubwa wa mtaa na baba wa mke wangu, Swafiya. Kwa ada yetu binti hupewa nyumba na babake, na mume huhamia humo. Basi mimi Mahmud, mwandishi wa barua na hati za watu, nilikuwa nikilala chini ya dari ya mkwe wangu na kutoka asubuhi kwa mlango aliouchongesha yeye. Alikuwa akiniuliza hali kila Ijumaa kwa upole sana.

"Hawa hawana adabu," alisema Bwana Jamaludin siku hiyo. "Mwana wa watu aambiwa rudi nyuma na mtu ambaye yana alikuwa akimvika zatu. Mngu atawapa ushindi kwa ndia gani?"

Barka alikuwa amesimama chini ya baraza, maana hakukaribishwa kukaa. Akasema, "Bwana, maguu hayana ukoo. Nipani Famau, nipani na siku arubaini za asubuhi. Tukishindwa, bendera 'taipeleka mimi kwa mikono yangu."

"Bendera si yako ya kupeleka," akajibiwa.

Ndipo likatajwa jina la wa kushika usimamizi mahali pa Barka: Jeilani, mwana wa Bwana Jamaludin na shemeji yangu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na kazi yake ilikuwa kuwa mwana wa babake. Alikuwa amerudi juzi kutoka Unguja alikokaa miezi minne kwa mjomba wake, na alirudi na mwavuli, filimbi ya madini na habari kwamba mpira ameuona kwa wenyewe. Baadaye nilimuuliza aliuona mara ngapi. Akasema mara mbili, akiwa juu ya roshani, na mara ya pili mvua ilinyesha akaingia ndani.

Mzee mmoja tu alifungua kinywa. Muhdhar, muuza kahawa, alisema, "Chombo kikivuja hakipawi mtu wa kuyifunzia unahodha. Mwatieni ateze kwanza, ayue mpira wauma vipi. Mwaka wa pili mpani usimamizi."

"Muhdhar, wewe tutilie kahawa," akasema Bwana Jamaludin, na watu wakacheka. Nami nilicheka. Ikaulizwa nani anamtaka Jeilani, mikono ikapanda, na wangu ukiwamo. Nikajiambia mimi ni mtu wa kalamu, mpira siujui, pengine hao wanajua wasemalo. Ni uongo mtamu huo, humezeka bila maji.

Barka alisikiliza mpaka mwisho. "Mtezo ni wenu, tukuani," akasema. "Kushona ni kwangu." Akaenda zake.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Jeilani hakuja uwanjani alfajiri hata siku moja. Alikuja jua likiwa limepanda, mtu akimtangulia na kiti, akakaa chini ya mwavuli na filimbi mdomoni. Siku ya kwanza aliwapanga upya wote. Aliuliza kwa sauti kubwa, kama mwalimu wa chuo cha Kurani: msikitini safu ya mbele hukaa nani? Kwenye maulidi mkeka wa mbele ni wa nani? Watu wakajibu kuwa ni wa wakubwa. "Basi," akasema, "na mpira una mbele na nyuma." Wale watano wa mbele, wanaofunga magoli, akawatia vijana watano wa nyumba kubwa. Famau akamrudisha nyuma kabisa, karibu na mlinda goli, kwa kuwa babake alikuwa mtu wa nyavu. Nilitazama uso wa Famau. Alitii, akaenda akasimama huko kama mtu aliyeambiwa akae nje ya mlango.

Na hiyo bado haikumtosha. Siku chache baadaye alisema haiwezekani mtu akitazama kwa mbali asijue nani ni nani. Wote miguu mitupu, wote wanafanana. Washambuliaji watano wavae makubadhi mapya, wa nyuma wabaki kama walivyo. Katika nchi zote zinazocheza mpira, sidhani kama kuna mtu mwingine aliyewahi kufikiri hivyo. Ilihitaji mtu wa mtaa wetu, aliyelelewa akiamini kuwa kiatu ni cheo.

Akaenda kwa Barka kumwagiza jozi tano. Nilikuwapo, nimekwenda kutiwa uzi kiatu changu.

"Bwana Jeilani," Barka akamwambia, "zatu hizi ni za kwendea msikitini. Mtanga utaingia baina ya ngozi na unyayo, guu litateleza. Akipiga mpira, kiatu kitamtangulia."

"Wewe shona," akasema Jeilani. "Mambo ya mtezo niatie mimi."

Alipoondoka nilimsogelea Barka, nikamnong'oneza kama mtu mwenye akili sana. Nilimwambia azishone ovyo, zikatike siku ya kwanza ya mazoezi, na Jeilani atayaacha. Barka akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi kwa dharau, lakini yeye siku ile alinitazama kama mtu aliyeona kinyesi kwenye mkeka wa kusalia.

"Siyui kushona vibaya, Bwana Mahmud," akasema. "Mkono wenyewe hautaki. Na kiatu kikikatika, watu wataita yina la nani? La Jeilani?"

Alizishona kwa siku kumi na mbili. Zilikuwa nzuri, Mwenyezi Mungu anisamehe, sijapata kuona makubadhi mazuri kama yale. Alizipaka mafuta, akazipanga juu ya ubao, na alipozikabidhi alivuta gidamu moja moja mbele ya Jeilani mwenyewe ili aone kwamba zote zimeshika. Jeilani alikuwa akitazama rangi.

Mchezo wa tatu ulichezwa baada ya alasiri, mwezi uliofuata Maulidi. Mchanga ulikuwa mkavu na moto. Karani mmoja wa forodha, Mhindi wa Goa tukimwita Mgoa tu, ndiye aliyekuwa mwamuzi, na watu wa mitaa yote miwili walikuwa wameuzunguka uwanja kwa ngoma zao. Wetu watano wakatoka mbele na makubadhi mekundu, wakinyanyua miguu kama bata. Barka alikuwa amesimama peke yake pembeni, upande wa goli la Nasuri. Jeilani alikuwa amemkataza asiseme neno.

Mpira wa kwanza uliomfika mshambuliaji wetu wa kulia, akaupiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukaenda pembeni. Kubadhi likaenda golini. Mlinda goli wa Nasuri akalidaka kwa mikono miwili, akaliinua juu kuwaonyesha watu, na nikasikia kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena, uwanja mzima, hata wa upande wetu. Mgoa akasimamisha mchezo akauliza kama kuna sheria ya kiatu. Hakuna aliyeijua. Kijana wetu akaenda kukichukua kiatu chake akichechemea, akakaa chini akakivaa, na alipokuwa bado amekaa Nasuri wakatufunga la kwanza.

Mmoja wa wale watano alimkimbilia Jeilani, akamwomba ruhusa avue. Nilikuwa nyuma ya kiti nikasikia kwa masikio yangu. "Utafanana nao," Jeilani akamwambia, "babako yuko pale atazama." Kijana akarudi, na miguu yake ikawa inacheza ndani ya ngozi kama samaki ndani ya kikapu. Wakifika karibu na mpira huteleza, wakisimama mchanga huwachoma baina ya vidole. Waliokuwa nyuma, miguu mitupu, walifanya kazi ya watu kumi.

Hata hivyo mpira una huruma zake. Tulikuwa bado goli moja nyuma, na jua limeanza kulegea, Famau alipochoka kusimama mlangoni. Aliuchukua mpira miguuni mwa mtu wa Nasuri, akampita mmoja, akampita wa pili, akavuka katikati ya uwanja. Watu wakanyamaza, kama zamani. Akampita wa tatu. Mbele yake alibaki mlinda goli peke yake, na nyuma ya goli alikuwa Barka, amenyoosha mikono miwili bila kujijua, kama anamwita mtoto atembee.

Filimbi ikalia.

Famau akasimama. Wote wakasimama, maana filimbi ni amri ya mwamuzi. Lakini Mgoa filimbi yake ilikuwa inaning'inia kifuani. Aliyepiga ni Jeilani. Alikuwa amesimama juu ya kiti, mwavuli umeanguka, akipiga ukelele: "Rudi mahali pako! Nani alokwambia upite mbee?" Watu wa Nasuri walifahamu kabla yetu. Wakauchukua mpira uliotulia mchangani, wakaenda nao taratibu mpaka golini kwetu, wakafunga la pili. Famau alikaa chini palepale alipokuwa, akajifunika uso kwa viganja. Baada ya hapo sioni haja ya kuhesabu. Yalikuwa manne.

Bendera yetu ikachukuliwa. Ngoma zetu zikachukuliwa, na walizipiga njia nzima wakirudi nazo kwao. Mimi nilibaki uwanjani na nikaokota kubadhi moja lililosahauliwa karibu na goli. Nikaligeuza. Gidamu ilikuwa nzima, nyuzi zote mahali pake. Mguu ndio uliochopoka, kiatu hakikukatika. Nyumbani niliitundika gidamu ile kwenye ndoana ya ukutani nikaning'iniza chini yake kapu la mchele. Swafiya akauliza nimeingiwa na nini. Gidamu haikulegea hata unywele.

Asubuhi ya pili tukaitwa barazani. Nilifikiri tumeitwa kuona haya pamoja. Sikuwajua vizuri watu wangu. Jeilani alisimama, amenyoa, amejifukiza udi, akasema kwamba mpango wake ulikuwa sawa, lakini alihujumiwa. Gidamu zililegezwa kwa makusudi. Aliyeondolewa usimamizi alikuwa na kinyongo, na ndiye aliyeshona viatu. Watu wazima hawahitaji kuelezwa zaidi.

Nilitazama nyuso. Hakuna hata mmoja aliyeamini, na zote zilikuwa zimepata nafuu. Wale baba watano waliokuwa wameaibika na wana wao wakaanza kutikisa vichwa na kusema ndiyo, ndiyo, hata mimi niliona. Mmoja alisema mtumwa ni mtumwa hata serikali ikiandika nini. Bwana Jamaludin akatoa shauri: itangazwe mjini kuwa Saada imevunjwa na hiana ya Barka, na mtu wa mtaa wetu asimpe tena ngozi ya kushona.

Ndani ya koti langu, chini ya kwapa, nilikuwa na lile kubadhi. Nilikuwa nimekwenda nalo kwa makusudi. Nilikuwa hata nimepanga maneno.

"Mahmud," akasema Bwana Jamaludin, "wewe ulikuwa karibu na kiti. Uliona nini?" Kabla sijafungua kinywa akaongeza, kwa upole ule ule wa Ijumaa, "Swafiya aniambia dari yenu yavuja. N'mewaambia mafundi waye kesho waitengeneze. Nyumba ni ya binti yangu, sitaiata iharibike."

Nikasema, "N'liona zatu zikitoka maguuni."

Lilikuwa neno la kweli. Nimeandika hati za watu miaka mingi na ninajua namna ya kusema kweli ikawa uongo, lakini sijapata kuandika hati chafu kama ile niliyoisema kwa mdomo. Muhdhar alikusanya vikombe vyake, vingine bado vina kahawa, akaondoka bila kuaga. Ikaulizwa nani anakubali shauri la Bwana Jamaludin. Nilibana kwapa la kushoto ili kubadhi lisianguke, nikainua mkono wa kulia. Jeilani akaombewa dua kwa taabu aliyoipata.

Nilikaa siku tatu bila kupita njia ya kwa Barka. Siku ya nne nilikwenda. Nilikuwa nimejidanganya kwamba nikimrudishia kile kiatu moyo utatulia. Mlangoni nilipishana na mtu wa mtaa wetu aliyekuja kuchukua ngozi yake aliyokuwa amempa Barka aishone. Alikuwa ameikunja chini ya mkono na hakunitazama. Barka alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha.

"Fundi," nikasema.

Hakuitika. Nililitoa lile kubadhi nikaliweka mbele yake. Alilichukua, akaligeuza, akaivuta gidamu kwa kidole gumba, akaachia, akavuta tena.

"Nzima," akasema.

"Nayua."

"Ulilipata lini?"

"Siku ile ile, uwanjani."

Aliiachia gidamu. "Basi ulikuwa nalo barazani."

"N'likuwa nalo."

"Na mkono uliinua?"

Niliweza kusema uongo. Nina hakika angeniamini, au angejifanya ameniamini, maana alikuwa mtu wa staha. Nikasema niliinua.

Barka alilirudisha kubadhi upande wangu wa mkeka. "Mara ya kwanza nalikutetea," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya ngozi. "Famau alisema Mahmud ni mbaya kama wao. N'kamwambia sivyo, Mahmud hayui mpira, ni mtu wa kalamu, ameinua mkono kwa jambo asiloliyua. Lakini zatu waziyua, Bwana Mahmud. Umezivaa tangu utotoni mwako, na alokuvika ni mimi."

Nilisimama pale na koti langu limetoa umbo la kiatu kwapani. Nilikuwa nangoja anitukane, ningeshukuru sana kama angenitukana.

"Sogea," akasema Barka. "Waniziba mwangaza."

Nikasogea, jua likamwangukia miguuni na kwenye vyombo vyake vilivyopangwa kwenye mkeka. Aliinama akavitazama. Mikononi mwake hamkuwa na kazi yoyote.